Nyumba Tuliyoichora kwa Majivu

Kiwanja chetu cha Kibarani ni futi arobaini kwa sitini. Ukitoa shimo la choo na njia ya jirani, kinabaki cha kutandika mikeka michache. Humo tulitaka kuwaweka watu saba: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, mama yangu mzazi, na baba mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa akiishi peke yake Kakuyuni.

Yeye ndiye aliyetutia haraka. Mama mkwe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na mwezi ule mzee alianguka uani akienda kulisha kuku, akalala pale chini toka asubuhi mpaka adhuhuri, jirani alipopita. Alipoinuliwa alisema alikuwa anapumzika. Mume wangu hakucheka. Alirudi nyumbani, akaketi kitandani na viatu vyake, akaniambia, "Baba akianguka tena, jirani huenda asipite." Tangu siku hiyo nyumba ikawa lazima, na lazima iwe nyumba ambayo mzee mwenyewe atakubali kuhamia.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu, mkwe huheshimiwa kwa kupewa nafasi. Mimi sili na baba mkwe wangu, sitii mguu chumbani mwake, na choo anachotumia yeye mimi sikikaribii. Mume wangu ni hivyo hivyo kwa mama yangu. Wakikutana ujiani, kila mmoja hugeukia ukuta wake akaukagua. Na mama yangu na baba mkwe nao, kwa kuwa watoto wao wameoana, huoneana haya hata salamu huzipeleka chini kwenye vidole vya miguu. Heshima si utumwa, wahenga walisema, lakini hawakusema inahitaji futi ngapi.

Fundi wetu alikuwa mtu wa makamo kutoka bara, penseli sikioni, aliyejenga nusu ya mtaa. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa. Vyumba vinne, choo kimoja, koridoo katikati."

"Koridoo hapana," akasema mume wangu.

"Vyoo vitatu," nikasema mimi.

"Na milango minne," akasema mama yangu kutoka nje ya dirisha, maana mume wangu alikuwa ndani.

Fundi akaitoa penseli sikioni akaitazama. "Mama, hii ni nyumba au ni stendi?"

Akatushauri tujenge ghorofa. Tulifurahi kwa muda wa siku moja. Tulipompigia mzee simu kumweleza, akauliza ni nani atakayelala juu. Mume wangu akajibu kwamba ni sisi. "Mkaza mwanangu atembee juu ya kichwa changu?" mzee akasema. "Basi niacheni huku nikae na kuku." Tukajaribu kumpandisha yeye juu, akasema goti limekataa. Tukajaribu kumpandisha mama. Mama akasema hakuzaliwa alale usawa wa madafu mtini. Ghorofa ikafia hapo.

Shauri la majivu lilikuwa langu, na najivunia mpaka leo. Karatasi ya fundi hakuna aliyeielewa ila fundi, nasi tulikuwa karibu kuvunja undugu kwa ajili ya mistari ya penseli. Nikasema tuichore nyumba palepale kiwanjani, kwa ukubwa wake, kisha tukae humo siku nzima tuone nani atamkanyaga nani. Majivu jikoni kwangu hayakosekani. Fundi akavuta kamba, nami nikafuata na ndoo nikimwaga kuta. Kufikia saa tatu asubuhi ya Jumamosi tulikuwa na vyumba vinne, sebule, jiko, baraza la mbele, vyoo vitatu, na milango minne iliyoachwa wazi kwenye mstari.

Mzee akaletwa kwa tuktuk, kanzu safi, mkongojo mkononi. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mlango wake akasimama.

"Hodi."

Sote tulikuwa tukimwona na yeye akituona.

"Hodi!" akasema tena, kwa ukali.

"Karibu, karibu," mama akaitikia akiwa amekaa chumbani mwake juu ya ndoo, uso ukitazama upande mwingine. Mzee akapangusa viatu, akaingia.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuvuka ukuta. Mwanangu wa mwisho alikatisha sebuleni akikimbilia chooni, akarudishwa apitie mlangoni, na hilo lilileta hasara ndogo. Aliyevunja ukuta siku hiyo alikuwa mume wangu peke yake. Alikutana na mama pale penye kona, wote wawili wakageuka upande mmoja, na yeye kwa haya akapita katikati ya kabati la vyombo la majivu akatokea kwa jirani. Fundi akasogeza kona ile hatua moja bila kuambiwa.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilileta jiko la kweli, makaa ya kweli na samaki wa kweli, kwa sababu jiko usilolipikia huwezi kulijua. Na hapa sina budi kukiri jambo. Mimi nikipika, mtaa mzima unajua. Sufuria zinagongana, naimba, nagombana na moto, na kuna kifuniko kimoja ambacho hakijawahi kumaliza siku bila kuanguka. Mzee alikuwa amewahi kumwambia mume wangu, "Huyu mkaza mwanangu ana kelele," na maneno hayo yalinifikia, kama yanavyofika, na yaliniuma. Kila alipotutembelea alikwenda kukaa nje nyuma ya jiko la nyumba tuliyopanga, ameupa ukuta mgongo, kimya. Nilidhani anahesabu makosa yangu.

Basi siku ile ya majivu mzee akazunguka nyumba yote, akakubali chumba, akakubali choo, akausifu mlango. Mume wangu akaanza kupumua. Kisha mzee akafika nyuma ya jiko langu, pale nilipopanga stoo ya makaa na unga, akachora kwa ncha ya mkongojo: hatua mbili kwa tatu.

"Hapa pasijengwe," akasema. "Pakijengwa, siji."

Akaenda chumbani kwake kupumzika.

Tukasimama tukikiangalia kile kipande. Hatua mbili kwa tatu. Sisi ni watu wa kuzika nyumbani, na hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa kipimo kile ni cha nini. Fundi akavua kofia. Mume wangu akaketi chini palepale, machozi yakimlenga. Nami, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa: nyuma ya jiko langu? Nitakuwa nakaanga samaki juu ya kichwa cha marehemu?

Ilibidi aulizwe. Mume wangu akasema mtoto hamuulizi baba yake kaburi. Mimi mkaza mwana ndiyo kabisa nisingeweza. Mama akajitolea, mkwe kwa mkwe. Wakakaa wamepeana migongo, ukuta wa majivu katikati, kwa muda mrefu. Mama alirudi na habari za mihogo tu. Mihogo ya Kakuyuni mwaka huu imeharibiwa na ngedere.

Nikarudi jikoni na hasira zangu. Nikiwa nageuza samaki nikasikia kiti kinaburutwa. Ni mzee, amekileta ndani ya kile kipande chake, amekaa, amenipa mgongo kama kawaida yake. Sikuvumilia. Siwezi kusema naye jambo kama lile uso kwa uso, lakini hakuna mila inayomkataza mtu kusema na vyombo vyake.

"We sufuria," nikasema kwa sauti. "Hebu niambie. Mtu akizikwa nyuma ya jiko, moshi hautamkera?"

Kisha nikasikia mkongojo ukigongwa chini mara mbili.

"Mkongojo wangu," mzee akasema, "waambie wenye masufuria, mimi nitazikwa Kakuyuni, kando ya mwenzangu. Pale pameshajulikana. Hapa ni pa kiti."

"Sufuria, muulize mkongojo: kiti kikae nyuma ya kelele, na baraza la mbele lipo?"

Mafuta yalikuwa yakichemka, nikayapunguzia moto nipate kusikia.

"Mkongojo," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "kule kwangu kumenyamaza. Miaka arobaini nilikaa nyuma ya jiko la yule mwenzangu, simwoni, namsikia. Siku hizi hata kijiko hakianguki. Siku ile niliyolala pale uani, kilichonitisha si maumivu, ni kile kimya. Huyu mkaza mwanangu ana kelele. Ndizo ninazozifuata."

Mke hufundishwa mengi kuhusu wakwe, lakini hili sikufundishwa. Nililia, na moshi ukanisaidia kuyaficha machozi. Mume wangu alikuwa amesimama sebuleni amesikia yote, na ukuta wa majivu ulikuwa umefika tu kwenye vidole vyake.

Fundi akaja polepole na ndoo. Akaniuliza kwa sauti ndogo: stoo itolewe? Nikamwambia itolewe, na ukuta ule wa jiko aujenge kwa matofali ya matundu, toka kiunoni mpaka juu.

Nyuma ya mstari mzee alikuwa ametulia, mkongojo magotini, akingoja. Nikaangalia huku na huku. Kisha nikakichukua kile kifuniko, nikakiinua juu kadiri ya mkono wangu, nikakiachia.