Mtu wa Ukoo wa Edeku

Kule Kwapa, ukiuliza nyumba ya Aliyow Madey hutaonyeshwa. Uliza kwa Msomali wa mtama, hata mbuzi watakupeleka. Jina hilo hakulipenda hata siku moja, wala hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda. Yeye mwenyewe, akiulizwa ni nani, alijibu kwa Kiteso kilichonyooka, lugha ya wenyeji, kwamba ni mtu wa ukoo wa Edeku. Watu walicheka, naye akadhani wanacheka kwa kuridhika.

Maskini. Hilo ndilo kosa lake, na ili ulielewe lazima ujue alikotoka.

Aliyow ni Msomali wa upande wa Baidoa, wa wale wasemao Kimaay, watu wa jembe na mtama. Kwao, mgeni aliyefukuzwa na njaa au vita huenda kwa ukoo wenye ardhi, akaomba kubeba mizigo yao. Mmoja wao akimwaga damu, naye anachangia fidia. Kisima kikifukiwa na mchanga, naye anashika sepetu. Akishaibeba hiyo mizigo, amekwisha kuwa mtoto wa ukoo. Hupewa shamba, na wajukuu zake humtaja babu wa ukoo ule kuwa babu yao, wala hakuna wa kuwanyooshea kidole. Babu yake Aliyow aliingia ukoo wao kwa mlango huohuo, akitoka mbali ambako hata jina lake limesahauliwa. Aliyow hakuona aibu. Nani aonee aibu mlango wa nyumba yake?

Vita vilimtoa huko yeye na mkewe Batulo, wakaishia Busia, upande wa Kenya, kwa tajiri Msomali mwenye maghala, jina lake Guled. Huyo ni wa kaskazini, wazee wake walichunga ngamia, na Kisomali chake ni kile cha redioni. Aliyow alipofungua kinywa, vijana wa ghala walikunja nyuso. Maneno mengine waliyashika, mengine yaliwapita. Mwishowe Guled akahamia Kiswahili, na Wasomali wawili wakazungumza kama wauza vitunguu wa mpakani.

"Kumbe nyinyi ni watu wa jembe," Guled alimwambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua inanyesha. Akampa kazi ya kubeba magunia. Aliyow hakukaa.

Alivuka mpaka kuingia Uganda, akafika Kwapa, akamkuta mzee Edeku analima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Edeku hakungoja hata hiyo ya tatu. Alimwonyesha kipande cha ardhi kando ya barabara, akamwambia alime. Aliyow akauliza, kama kwao wanavyouliza, "Ukoo wenu unabeba mzigo gani?"

Mzee alifikiri kidogo, maana swali la namna hiyo hakuwahi kuulizwa. "Sisi nazika watu yetu," akasema. "Kama mtu nakufa, sisi wote nakuja."

Basi Aliyow akaja. Miaka yote ile, kila msiba wa ukoo wa Edeku alikuwa wa kwanza kushika sepetu na wa mwisho kunawa mikono. Kila alipovuna mtama, alitenga gunia la matanga kabla hajajua nani atakufa. Batulo alipofariki kwa homa, wanaume wa Edeku ndio waliombeba, na mzee mwenyewe, kwa kumwona Aliyow amevua viatu, akavua vyake. Batulo akazikwa pembeni mwa shamba hilo la barabarani, uso umeelekea kibla. Siku ile Aliyow alilia kwa uchungu, na nisifiche, alilia pia kwa kufarijika. Mkewe amelala katika ardhi ya ukoo. Mtu anataka nini tena?

Edeku naye akafa mwaka huu, mvua zilipoanza. Matanga yalipokwisha, wanaume walikaa kuzungumzia mashamba. Aliyow alivaa kanzu safi, akaketi kwenye mstari wao, katikati ya ndugu wawili wa marehemu. Hakuna aliyemzuia. Opio, mtoto mkubwa wa Edeku, alitangaza kwamba kipande cha barabarani kimepata mnunuzi, mtu wa Tororo anayetaka uwanja wa kuegesha malori.

Aliyow akasimama. "Sisi watu wa ukoo," akasema, "bado hatujakubaliana."

Kisha mmoja akacheka, si kwa dharau, bali kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Bora angemtukana.

"Mzee," Opio akasema kwa upole, kwa Kiswahili cha kuzungumzia na wageni, "wewe mgeni yetu. Mgeni mzuri kabisa, hakuna kama wewe. Lakini shamba ni ya damu. Baba alikupa kulima tu."

"Nimewazika watu wenu wote."

"Ndiyo, mzee. Na sisi nashukuru sana."

Hapo ndipo ilipomwingia akilini. Mtu wa ukoo hashukuriwi kwa kumzika ndugu yake. Anayeshukuriwa ni mgeni. Aliyow alitafuta mahali pa kuweka macho, akapakosa.

"Na Batulo?"

"Utamhamisha, mzee. Sisi nakusaidia kuchimba."

Asubuhi alikwenda Busia kwa Guled, ambaye sasa ni mzee wa fimbo. Hakwenda kuomba mali. Alitaka Msomali mwenzake mwenye sauti aende naye Kwapa, akae mbele ya Opio, aseme: huyu ana watu. Guled alimsikiliza hadi mwisho, kwa Kiswahili, kisha akauliza swali ambalo kila Msomali huulizwa tangu anaota meno: wewe ni wa nani?

Aliyow alianza kuwataja. Baba yake, baba wa baba yake. Hapo ulimi ukagoma. Waliofuata amewataja tangu utotoni bila kufikiri, lakini ikiwa ukoo ni damu, kama alivyosema Opio, basi wale si wake, ni wa watu waliomwonea huruma babu yake. Na huko nyuma ya babu hakuna anachokijua. Alikaa mdomo wazi, mtu mzima, ndevu zote nyeupe, hana wa kumtaja.

Guled alimmiminia chai. "Kaburi jipya la mkeo litapatikana, nitasema msikitini," akasema. "Lakini wa kusimama kwa ajili yako ni wa ukoo wako, mzee wangu. Ungekuwa wetu, ningekwenda leo."

Aliporudi Kwapa, alimkuta Opio anamngoja shambani, amefurahi. Amemtafutia njia. Mnunuzi anahitaji mlinzi wa malori, na Aliyow anaweza kubaki katika kibanda chake, alale papo hapo.

"Nawe ukisikia nimekufa?" Aliyow akauliza.

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Sisi naita watu yako, wao nakuja kukuchukua."

"Waite sasa," Aliyow akasema. "Nataka niwaone."

Opio, mtu mwema, akatoa simu mfukoni, akangoja atajiwe namba.