Sadaka ya Kitambaa Chekundu

Yesu alifundisha sadaka itolewe kwa siri, nami nikalishika neno hilo kupita kiasi. Jumapili alfajiri niliacha mchele mlangoni kwa Mama Kulwa, mjane jirani yetu hapa Kalangalala, nimeufunga kwa kitambaa chekundu ili upendeze.

Kulipokucha akapiga yowe: "Mayu wane, mama yangu! Kitambaa chekundu! Nimetegewa uchawi!"

Watu wakajaa, wakamgeukia Bibi Ngolo, kikongwe wa nyumba ya pili waliyemshuku tangu zamani. "Ni wewe!" Bibi akaapa kuwa si yeye. Mimi kimya, nisije nikapoteza thawabu yangu kwa Mungu.

Mtu mmoja akaokota jiwe.

"Ni mimi!" nikapayuka. "Ni mchele tu, ni sadaka ya siri!"

Mama Kulwa akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Sadaka? Na muda wote huo umesimama hapo, unamwangalia tu bibi wa watu?"