Nilivyoingia kukagua nyumba ya kupanga Ujiji, nikamkuta mwenye nyumba yuko edani

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Hii haijatoka kwa rafiki wala jirani. Imenikuta mimi, kiangazi hiki hiki, na nimeiandika nikaifuta mara kadhaa kabla ya kuipandisha.

Kazini walinihamishia Kigoma kutoka Singida. Nafanya mambo ya mizigo, ofisi iko upande wa bandarini. Nikafikia gesti karibu na stesheni nikijua ndani ya wiki nitakuwa na nyumba, mke na watoto wanifuate shule zikifungwa.

Nilijidanganya.

Nilizunguka Mwanga, Gungu, Katubuka, hadi kule Bangwe. Jua la Kigoma wakati wa kiangazi nyinyi wa Dar hamlijui, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye soksi. Nyumba nzuri ina mtu. Iliyo wazi, choo mnachangia na familia tano, au madirisha yanatazama ukuta wa jirani. Kuna moja dalali aliniambia ina "view ya ziwa". Ziwa unaliona, ila mpaka upande juu ya tangi la maji.

Mke wangu kila jioni, "Baba Neema, tumeshafunga mizigo. Tutalala wapi?"

Namwambia kesho nitapata.

Asubuhi moja dalali wangu, nimwite Masudi, akapiga simu. Nyumba nzima Ujiji, vyumba vitatu, master, tangi, uwanja una michikichi miwili. "Kuna mtu ndani ila anatoka mwisho wa mwezi. Familia wanajua. Nenda, mimi nakuja na mwenye mali, pikipiki imepata pancha."

Akanitumia location. Nikachukua bodaboda, mkononi nina tepu ya kupimia niliyoazima kazini, maana mke alitaka vipimo vya madirisha kwa ajili ya mapazia.

Nikapiga hodi. Akafungua mama mtu mzima, kajifunga kanga, kachoka usoni.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuangalia nyumba."

Akatazama ile tepu. "Marahaba, baba. Shemeji yake alisema utakuja. Pita."

Ningejiuliza shemeji wa nani, leo nisingekuwa naandika uzi huu. Sikujiuliza. Niliona tailizi tu, wakuu. Nyumba ilikuwa safi na ina hewa, jikoni kuna dirisha kubwa la kuelekea uani. Mtu aliyetembea juani siku nyingi akiona nyumba kama ile akili inalegea.

Nikampigia mke video call, sauti nimefungulia yote. Nikaanza kutembea.

"Hapa sebule. Hili kabati lao sijui wanaondoka nalo, tutauliza. Choo kidogo ila kinavumilika. Rangi hii lazima tubadilishe, imekaa kizamani."

Yule mama ananifuata nyuma, amekunja uso. Nikadhani ni uchovu.

Nikafika mlango wa mwisho, umerudishwa. "Na hii ndiyo master," nikasema, nikausukuma.

Ndani kulikuwa na mwanamke amekaa kwenye mkeka, kajitanda nyeupe tupu, tasbihi mkononi. Alishtuka akavuta nguo kufunika uso. Nami nikabaki nimesimama na simu nimeinyoosha mbele, kamera inamtazama yeye.

Sauti ya mke wangu ikajaa chumba kizima:

"Na huyo mama anahama lini?"

Wakuu, nimewahi kuaibika maishani. Hii ilikuwa nyingine. Hata mimi ambaye si Muislamu najua mjane akiwa edani mwanamume wa nje haingii chumbani kwake. Nilirudi nyuma nikagonga fremu ya mlango.

Yule mama mtu mzima, kumbe ni shangazi wa mjane, akanishika mkono wa shati. "Wewe si fundi wa paa?"

"Fundi wa nini, mama? Mimi mpangaji. Nimeambiwa nyumba inapangishwa."

Aliniachia shati taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Kumbe shemeji, kaka wa marehemu, aliwaambia kwamba atatuma fundi akague bati kabla ya mvua. Kwao, mimi na tepu yangu ndiye fundi mwenyewe. Marehemu hata arobaini yake ilikuwa haijafika.

Mjane akauliza kutoka ndani, sauti ya chini kabisa. "Nani anapangisha?"

Kabla sijajibu, nje pikipiki ikasimama. Masudi akaingia anachangamka, "Mkuu, umeipenda?" Nyuma yake mzee mmoja wa kanzu. Alipoona shangazi kasimama katikati ya sebule, uso ukabadilika.

"Shemeji," mjane akasema, mlango sasa umefungwa, "ungeniambia mwenyewe."

"Nilitaka nikwambie eda ikiisha."

"Na huyu umemwambia anahamia lini?"

Mzee akanigeukia mimi. "Kijana, nyumba hii ya ukoo. Haya ni mambo ya ndani, yasikutishe."

Sasa hapa ndipo penyewe. Kuingia chumbani ilikuwa bahati mbaya, hiyo nimejisamehe. Lakini baada ya kuelewa kila kitu, nikiwa nimesimama kwenye nyumba ya msiba, nilifungua mdomo nikasema:

"Kwa hiyo itakuwa wazi lini hasa?"

Sijui ilitoka wapi. Labda ni uchovu, labda lile dirisha la jikoni.

Shangazi akanitazama. Hakupandisha sauti.

"Baba, una mke?"

"Ninaye."

"Basi omba usife kabla yake."

Simu ilikuwa bado iko hewani. Nikasikia mke wangu anasema, "Baba Neema, toka humo. Wanangu hawalali kwenye nyumba hiyo."

Nikatoka. Hata kuaga sikuaga.

Tulipata vyumba viwili Katubuka, uwanja tunachangia na majirani. Mke alipofika, kitu cha kwanza aliniuliza njia ya kwenda Ujiji. Tukaenda, kabeba sukari na mchele. Yeye akaingia, mimi nikabaki nje, siwezi hata kutazama mlango.

Alikaa huko muda mrefu. Akaniambia kaka zake mjane walikuja kutoka Ilagala wakamkalisha shemeji mbele ya shehe wa msikiti wao. Nyumba ile marehemu aliijenga na mkewe, mke akiuza mawese. Hatoki mtu, yeye na wanawe, mpaka mirathi igawanywe kihalali.

Nikamuuliza, "Kasema nini juu yangu?"

"Hajasema kitu. Ameuliza kama tulipata pa kukaa."

Tukarudi nyumbani.

Nilichojifunza, wakuu: ukiambiwa nyumba ina mtu ila anatoka, uliza anatoka kwenda wapi, na kama yeye mwenyewe anajua. Uliza kabla hujapenda madirisha, kwa sababu ukishayapenda utauliza maswali ya ajabu kama mimi.

Mnaotaka kunisema, semeni, nastahili. Na mliowahi kusukuma mlango ambao hamkupaswa kuusukuma, mliwezaje kurudi kuomba radhi? Mimi bado sijaingia mle ndani.