Siku Lenzi Yangu Ilipogeuzwa VAR Muhuru Bay

Niliondoka Homa Bay kwa sababu nilikuwa nimechoka kupiga picha za watu wasiotikisika. Studio yangu iko karibu na soko, na kazi inayonipa ugali ni matanga: jeneza, wajane, mheshimiwa akiwa ameshika kipaza sauti, halafu jeneza tena. Mteja wangu mkuu hulala chali, hasogei hata kidogo, na hajawahi kurudi kulalamika kuhusu picha. Ni kazi ya heshima. Lakini ukikaa nayo miaka mingi unaanza kuwatazama watu walio hai sokoni na kujiuliza ni mwanga gani utakaowafaa. Ndipo nikauza pikipiki yangu nikanunua lenzi ya kuvuta, ile ndefu ya wapiga picha wa michezo, ambayo ukiizungusha mtu aliye ng'ambo ya uwanja anasogea mpaka unaona jasho la puani.

Mke wangu Atieno aliitazama ikitolewa kwenye boksi, akaniuliza kama sasa tutakuwa tunaipanda hiyo kwenda sokoni, maana pikipiki haiko. Yeye huuza omena, wale dagaa wa ziwani, na jioni ni mshambuliaji wa timu ya akina mama wa soko. Timu yao ilikuwa imealikwa Muhuru Bay, kule mpakani na Tanzania, kucheza fainali na akina mama wa huko. Zawadi haikuwa kombe. Mheshimiwa mmoja alikuwa ameahidi kikaushio, yaani nyumba ya plastiki ngumu ambamo omena hukauka hata mvua ikinyesha. Asiyejua biashara hii anaweza kucheka. Omena ikinyeshewa kabla ya kukauka huharibika, na mama aliyeinunua kwa matumaini ya kuuzia watu huishia kuuzia watengenezaji wa chakula cha kuku. Hakuna mchezaji wa timu yoyote kati ya hizo mbili ambaye hakuwa amelia kwa sababu hiyo. Mimi nilikwenda kama mpiga picha rasmi, cheo nilichojipa mwenyewe.

Asubuhi, sokoni Homa Bay, tulipanda lori tupu lililokuwa likienda kuchukua omena. Kabla halijaondoka nilisimama mbali nikawapiga wachezaji picha ya kuagana, nikiwa nimevuta lenzi mpaka mwisho. Ilitoka ya ajabu: kilima cha Asego kilikuwa kimesogea kikaegemea lori, kana kwamba nacho kinaomba kubebwa. Nilimwonyesha Atieno kwa majivuno.

"Hii lenzi yako ni ya uongo, Baba Zena," akasema. "Asego iko kule."

Nikamwambia hiyo inaitwa sanaa.

Migori mjini lori lilisimama kutia mafuta, na wachezaji wakashuka kutafuta chapati. Nilisimama kando ya barabara ya kwenda Isebania nijifunze kufuata vitu vinavyokimbia, na Migori haina upungufu wa bodaboda. Nilipiga picha nyingi. Nilipata magurudumu, kofia, na goti la kushoto la mtu nisiyemjua. Ukivuta sana huoni kitu kinakuja. Unaona kimefika, halafu huoni kimekwenda wapi. Mazoea ya matanga nayo yaliniponza, maana mara mbili nilijikuta nikiwaambia waendesha bodaboda watulie.

Mzee mmoja mwenye duka la misumari na mabati, ambaye baadaye niliambiwa ni mzee wa kanisa, aliona nimemlenga akiwa mlangoni mwake. Alikuja kutazama picha yake huku ameshatabasamu. Tabasamu likaondoka. Ng'ambo ya barabara, mbali kabisa, mwanamke mmoja alikuwa amesimama nje ya baa na chupa mkononi, na lenzi yangu ilikuwa imemchukua ikamleta mpaka begani pa mzee.

"Huyu mama ni nani?"

"Simjui, mzee. Yuko kule ng'ambo."

"Mbona ananiegemea?"

Nilimweleza kwamba lenzi ndefu hubana umbali, vitu vilivyoachana vikaonekana vimeshikana. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Sasa hiyo maneno yote, wewe ndio utakuja kuelezea mke yangu?"

Nikafuta picha.

Muhuru Bay tulifika mchana, na jambo la kwanza nililouliza ni uwanja uko wapi. Nilikuwa nimesimama juu yake. Ulikuwa umetandikwa nyavu kutoka goli hadi goli, na juu ya nyavu omena iking'aa juani. Niliambiwa mechi ni kesho na kesho nyavu zitaondolewa, kwa hivyo niache wasiwasi na nitoke juu ya samaki wa watu.

Tuligawanywa katika nyumba za wenyeji. Mimi na Atieno tulipokelewa na mama mmoja mpana wa mabega anayeitwa Min Ouma, yaani Mama Ouma. Ilibainika kwamba ametoka kijiji kimoja na mke wangu, basi papo hapo mimi, mtu wa Mumias ambaye Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu, nikawa ora, shemeji, mwanamume aliyeoa kwao. Ora halishwi ovyo. Nilikuwa nimesafiri njia yote nikiota mbuta wa kukaanga na ziwa liko pale mbele yangu, lakini kwa heshima yangu alichinjwa kuku. Nilikula nikisikia harufu ya samaki kutoka kwa jirani.

"Ora, kula," Min Ouma alisema. "Kesho nitawafunga vibaya, kwa hivyo leo nawashibisha."

"Wewe unacheza nafasi gani?"

"Mimi ndio golkipa."

Nilitaka kumpiga picha pale pale. Lenzi yangu, pamoja na ukubwa wake wote, haioni kitu kilicho karibu; lazima urudi nyuma. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikatoka mlangoni, nikaendelea kurudi uani mpaka nikasikia kitu kinapondeka chini ya viatu.

"Ora," akasema Min Ouma taratibu, "hiyo ndio omena yangu."

Jioni hiyo hiyo mvua ilinyesha ghafla. Uwanja mzima ulijaa wanawake wakikimbia kukunja nyavu, wenyeji na wageni pamoja, Atieno na Min Ouma wakishika pembe za wavu mmoja. Waliokoa nusu. Min Ouma alirudi ameloa, akaketi kwenye kigoda, akachukua konzi moja ya omena iliyolowa na kuitazama.

"Hii sasa ni ya kuku," akasema, kisha akatuuliza kama tutakunywa chai. Nilimwonea huruma sana, na nilijisikia vibaya kwamba kesho yake nitakuwa nikishangilia ashindwe.

Siku ya mechi niliamua kukaa kitaalamu. Wengine walisongamana kandokando ya uwanja. Mimi nilitafuta mashua iliyopinduliwa ufukweni, mbali kidogo, nyuma ya kibendera cha kona, nikaketi juu yake na mzinga wangu kama mtu anayelinda mpaka wa nchi. Magoli yalikuwa yamefungwa nyavu kuukuu za omena, zenye matundu madogo kiasi kwamba hata nzi angehitaji kibali kupita. Kipindi cha kwanza nilivuna masikio, visigino na anga. Kipindi cha pili nilianza kujifunza: uvute kidogo tu, umwone mchezaji na njia anayokwenda, umfuate kabla hajafika, ndipo uvute. Picha zikaanza kuwa na watu ndani yake.

Mechi ilikuwa sare ya bila kwa bila ikielekea kuisha. Atieno alipokea mpira kwenye boksi, akageuka, akapiga. Min Ouma akaudaka kifuani na kurudi nyuma kwa nguvu ya shuti. Nilikuwa nimeubonyeza mtambo wakati huo huo, na nilijua kuwa ni picha nzuri kabla sijaitazama. Akina mama wa Homa Bay walishangilia goli. Wa Muhuru Bay walisema ni kipa amedaka. Refa, mwalimu wa shule ya msingi, alimtazama mshika kibendera, na mshika kibendera alikuwa akifukuza bata waliovamia omena ya mtu.

"Si kuna VAR pale kwa mashua," sauti moja ikasema, kana kwamba kamera yangu ni zile video ambazo marefa wa runingani huzirudia kabla ya kuamua.

Umati mzima ukageuka kunitazama. Sitaficha, nilifurahi. Katika matanga hakuna mtu anayemwita mpiga picha aamue kitu. Nilitembea mpaka katikati ya uwanja polepole kuliko ilivyohitajika, nikamwonyesha refa na mwenyekiti wa mashindano, ambaye wote walimwita Jakom. Kwenye kioo kidogo cha kamera mpira ulionekana wazi umepita mlingoti, uko ndani, karibu kugusa wavu.

"Kamera haiwezi danganya," Jakom akatangaza. Vigelegele vya Homa Bay vikapaa. Atieno alikuwa akiruka na kulia kwa wakati mmoja.

Min Ouma hakuitazama picha. Alinitazama mimi.

"Ora, hiyo mpira ilikuwa kwa kifua yangu, na mimi nilikuwa mbele ya mstari. Nyumba ya omena inaenda hivyo?"

Nikamkumbuka mzee wa Migori na mwanamke wake wa chupa. Nilimwangalia mke wangu, aliyekuwa bado anafuta machozi ya furaha, nikatamani sana kuwa mjinga kuhusu lenzi.

"Jakom, ngoja," nikasema. "Hebu Min Ouma asimame na mpira mbele ya mstari. Mbele kabisa, kila mtu aone."

Nikarudi kwenye mashua yangu, nikavuta lenzi kama mwanzo, nikapiga, nikarudi na picha ya pili. Ilionyesha goli safi kuliko lile la kwanza. Nilikuwa nimeketi nyuma ya mstari, na kutoka kule hata mpira ambao haujafika huonekana umeshaingia. Tena lenzi ikabana mlingoti na mpira vikawa majirani. Jakom alizitazama picha zote mbili kwa zamu, akanitazama na mimi.

"Kumbe hii kitu yote kubwa hivi," akasema, "ni ya bure."

Refa akakataa goli. Mechi ikaisha bila kwa bila, ikawa ni mikwaju ya penalti. Safari hii nilisimama sawasawa na mstari wa goli, mahali ambapo mtu mwenye akili angesimama tangu asubuhi. Penalti ya mwisho ilikuwa ya Atieno, na nilipata kila kitu: mguu wake ukiwa hewani, mdomo wake wazi, Min Ouma amejinyoosha, mpira mikononi mwake, kabla ya mstari, bila ubishi wowote. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga ya mtu anayetikisika. Ni ya mke wangu akikosa.

Wakati wa kuaga, kikaushio kikiwa kimebaki Muhuru Bay, Min Ouma alinipa mbuta mzima wa kukaanga, amefungwa kwenye gazeti. "Hii sio ya ora," akasema. "Hii ni yako." Atieno alimkumbatia kwa muda mrefu. Mimi hakunikumbatia.

Kurudi, tuliketi juu ya magunia ya omena. Akina mama wengine walizungumza wao kwa wao kuhusu waume, kwa jumla, bila kutaja jina. Tulipofika Migori, Atieno alichukua kipande cha mbuta wangu, akala, ndipo akaniuliza.

"Ile picha ya kwanza umefuta?"

"Bado."

"Usifute."

Sasa imo sebuleni kwetu Homa Bay, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu niliyoweka akiba kwa ajili ya marehemu wenye uwezo. Bado napiga matanga, na Jumapili napiga mpira nikiwa nimesimama mstarini. Nilichojifunza ni kidogo: mtu akikuletea picha, kabla hujaamini, muulize alikuwa amekaa wapi. Kila mgeni anayeingia huitazama na kusema hilo ni goli, tena goli zuri. Nami kila mara huanza kueleza habari ya mashua na kibendera cha kona.

"Baba Zena," Atieno husema, akiendelea kuwamiminia chai, "wamesema ni goli. Hakuna mtu ameuliza ulikuwa umekaa wapi."