Kausha: Miaka Miwili Nikitunza Siga za Mkurugenzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la shule, kwa sababu ndilo shati pekee lililokuwa na kola. Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa Form Two. Sasa niko Form Four na nimestaafu. Nyinyi wa Form One mnaweza kucheka, lakini kuna wazee hapa Isiolo wamefika miaka sabini na hawajastaafu kazi yoyote, kwa sababu hawakuwahi kuianza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza siga. Siga si sigara. Sigara ni karatasi iliyomeza tumbaku ya kusagwa. Siga ni majani matupu, ndani na nje, nene kama kidole gumba cha mwalimu wa zamu. Ndani kuna majani ya kujaza, halafu kuna jani la kuyafunga, halafu juu kabisa kuna jani la nje, ambalo ndilo uzuri wote. Jani la nje ni laini kuliko shavu la mtoto, na likikauka linapasuka. Likipasuka, siga ni takataka, hata kama imetoka ng'ambo ikiwa imelala kwenye sanduku kama maiti ya tajiri.

Mwenye siga alikuwa Mkurugenzi. Alikuwa mkandarasi. Kaunti zilipoanza, wakandarasi walimea mjini kama uyoga baada ya mvua, na kila mmoja aliitwa Mkurugenzi, hata yule ambaye kampuni yake ilikuwa muhuri na pikipiki. Huyu wetu alikuwa na gesti ya vyumba kumi na viwili, na mama yangu ndiye aliyekuwa mpishi pale tangu nikiwa nanyonya. Wageni wake wakubwa walipokuja, baada ya mbuzi walipewa siga. Chai ilitosha zamani. Siku hizi mtu akipewa chai anauliza ni nani amekufa.

Kabla yangu siga zilitunzwa na bawabu. Bawabu aliona ni kitu cha bei akaziweka kwenye friji, karibu na maini. Friji hukausha. Zilitoka zikiwa zinapukutika na kunuka maini. Ndipo Meneja, mzee mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni na wino kwa moja tu, alipoingia jikoni.

"Mama Ekal, huyu kijana wako anajua kusoma Kizungu?"

"Anajua. Ya kuandika ndiyo inamsumbua."

"Kuna karatasi imekuja na siga, ya maelezo. Bawabu amesema hiyo karatasi ni dua. Nataka mtu wa kuzichunga likizo na wikendi. Lakini hii si mchezo. Zikiharibika tena, mtu anaenda nyumbani."

Mama alinitazama. Alinijua. Mwaka huo nilikuwa nimefungia mbuzi wa mwalimu mkuu tai ya shule nikamtembeza gwaride. Alifuta mikono kwenye leso akasema, "Akiharibu, hesabu ni mimi nimeharibu."

"Naandika hivyo," Meneja akasema, na kwa mara ya kwanza ile kalamu yenye wino ikafanya kazi, kwenye kitabu chake cha wafanyakazi.

Kwa hivyo mjue mapema. Kazi ilikuwa yangu, shingo ilikuwa ya mama.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa stoo ya unga. Isiolo si mji wa siga. Upepo wa hapa unanyonya maji hata kwa midomo. Ndiyo maana watu wa mtaa wetu wa Chechelesi tunatabasamu kwa uangalifu. Karatasi ilisema siga zinataka unyevu, si maji. Mimi nikasema unyevu na maji ni ndugu. Nikaenda kwa wauza miraa kuuliza wao wanafanyaje, maana miraa nayo ikikauka ni kuni. Wakanipa majani ya mgomba, nikazifunga siga kumi na mbili vifurushi vifurushi kama miraa, nikanyunyiza maji kama kuhani. Siku ya nne zilikuwa zimeota nywele nyeupe. Ilikuwa kuvu.

Mama aliziona kabla ya Meneja. Hakunichapa. Alikaa kwenye gunia la unga akazipangusa moja moja na kitambaa kikavu, kutoka saa saba mpaka saa kumi, huku sufuria ya maharagwe ikiungua kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alipomaliza alisema, "Soma hiyo karatasi tena. Polepole. Kama mtu anayepanga kuelewa."

Nikasoma. Nikajifunza kazi. Fundi wa mtaa wa Wabera alitutengenezea sanduku la mtarakwa, mbao ambayo wadudu hawapendi na siga inapenda. Ndani tuliweka kipande cha sponji kilicholoweshwa kisha kukamuliwa mpaka kisidondoshe, na kipimo cha unyevu, saa ndogo yenye sindano moja. Sindano ikilala kushoto, jani linapasuka. Ikilala kulia, linaota nywele. Nikajifunza kuiminya siga kidogo kwa vidole viwili na kusikiliza. Ikilia kama karatasi, ina kiu. Ikinyamaza na kurudi mahali pake, iko sawa. Nikajua kuzigeuza kila Jumamosi, za chini zipande juu, kama wanafunzi wa bweni.

Maji nayo yalikuwa mtihani. Maji ya mfereji wetu yana chumvi. Yalikuwa yanaacha madoa meupe kwenye jani. Mkurugenzi akaamuru zinunuliwe chupa. "Siga zangu hazinywi maji ya mfereji," alisema. Mimi na mama tulikuwa tunakunywa ya mfereji. Wageni wa vyumba vya nyuma pia. Siga ndizo zilikuwa na cheo.

Baada ya mwaka nilipandishwa, nikahamishiwa mapokezi, ili wageni wanione nikifungua sanduku. Hapo ndipo nilipoona tabia za wavutaji. Kuna aliyeng'ata kichwa cha siga kama muwa na kutema kwenye zulia. Kuna aliyevuta mpaka kwenye mapafu kama anavuta sigara, akakohoa hadi tukaita teksi. Wengi hawakuwasha kabisa. Walishika tu, wakapigwa picha, kisha wakaiweka mfukoni pamoja na funguo, na jani la nje nililolilea miezi mitatu likafa mle ndani. Mheshimiwa mmoja, rafiki mkubwa wa Mkurugenzi, alikuwa anaomba mbili: moja ya mkononi, na moja ya nyuma ya sikio kama seremala.

Nilikuwa nikiwaiga wote jikoni kwa mwiko, na mama alikuwa akicheka hadi anashika meza. Nawaambia hilo kwa sababu sijamwona akicheka hivyo tena.

Uhamisho wangu wa mwisho ulikuwa Sericho. Mkurugenzi alikuwa amejenga tangi la maji huko, na siku ya kulifungua ikafika. Siga zilipaswa kwenda kwa ajili ya Mheshimiwa. Meneja aliniita ofisini.

"Huko ni joto. Njia ni ndefu. Utafanyaje?"

"Nitafunga sanduku na gunia lililoloweshwa. Upepo ukipita kwenye gunia, ndani kunapoa. Lakini gunia linataka kuloweshwa kila saa."

"Beba jerikeni. Na Ekal, nikumbushe niliandika nini kuhusu mama yako?"

"Nakumbuka, Meneja."

Tuliondoka alfajiri. Mimi nilikaa nyuma ya gari, sanduku miguuni, jerikeni la lita tano la maji ya kununua mapajani. Barabara ilituchapa mpaka adhuhuri. Kila saa nilimimina kidogo juu ya gunia. Tulipofika, jerikeni lilikuwa limebaki zaidi ya nusu, na sindano ilikuwa imesimama mahali pake kama askari. Najivunia hilo hadi leo. Hakuna siga iliyowahi kufika Sericho ikiwa na afya namna ile.

Tangi lilikuwa zuri. Lilipakwa rangi ya samawati, na jina la kampuni ya Mkurugenzi kwa herufi kubwa. Halikuwa na maji. Pampu, alisema, iko njiani. Utepe ukakatwa hata hivyo. Mfereji ukafunguliwa mbele ya kamera na kutoa upepo, na watu wakaanzishiwa makofi ili wajue kupiga.

Nilikuwa nimesimama kivulini mwa gari na sanduku langu wakati akina mama watatu walipokuja na vikombe. Mbele alikuwa bibi mmoja wa Kiborana, mtandio umefifia mpaka huwezi kusema ulikuwa rangi gani.

"Salaam aleikum, kijana."

"Aleikum salaam, akko." Akko ni nyanya, hilo Kiborana ninalijua.

"Hiyo maji ni ya nani?"

"Ni ya siga, akko."

"Siga ni nani? Ni mgonjwa?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka. "Ni sigara, akko. Ile kubwa. Inataka maji isikauke."

Alinitazama usoni, akatazama gunia lililokuwa likidondosha matone kwenye mchanga, kisha akageuka na kuwaambia wenzake kwa Kiborana. Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka vile watu hucheka wakiambiwa ngamia wa jirani amesoma. Halafu wakaacha kucheka, na vikombe vilikuwa bado mikononi.

"Basi sigara ikishiba," bibi akasema, "utatupatia inayobaki."

Nikaenda kwa Mkurugenzi. Alikuwa amesimama na Mheshimiwa wakipigwa picha. Nikamwambia sikioni, "Mkurugenzi, kuna akina mama wanaomba ile maji ya siga. Niwapatie?"

Hakugeuka. Aliendelea kutabasamu kwa kamera na kusema kwa meno, "Kausha."

Mjini kwetu kila mtu anajua maana ya hilo neno. Mwalimu akiuliza nani amepiga mluzi, jirani yako anakwambia kausha. Maana yake nyamaza, acha hiyo maneno ipite. Mkurugenzi alimaanisha hivyo, na mimi nilielewa hivyo. Nilielewa kabla hajafunga mdomo.

Lakini neno lilikuwa limeanguka mbele yangu lina maana mbili, na mimi sijawahi kuokota kitu cha namna hiyo nikakiacha.

Nilirudi kwenye gari. Nikamwaga maji yote kwenye vile vikombe, na mtoto mmoja akaja na kifuniko cha sufuria, nikamwekea pia. Nikalivua sanduku gunia. Nikafungua kifuniko. Nikatoa sponji. Nikaweka sanduku juu ya boneti lililokuwa la kukaanga mayai, nikaligeuzia upepo uso, nikakaa kando kama mtu anayeanika samaki.

Saa tisa, baada ya chakula, siga ziliitwa. Mkurugenzi alichukua ya kwanza kwa vidole vya heshima, akampa Mheshimiwa. Jani la nje lilifunguka kama ganda la kitunguu. Mheshimiwa aliing'ata, na tumbo lote la siga likamwagika kwenye shati lake jeupe.

"Nani alikwambia ufungue hii kitu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Wewe, Mkurugenzi."

"Mimi?"

"Ulisema kausha. Nikakausha."

Dereva ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Mheshimiwa, tumbaku ikimruka kifuani. Kisha watu wote pale chini ya hema, na wenye kuelewa wakawatafsiria wasioelewa. Mkurugenzi naye alicheka. Nilidhani tumemaliza. Sikujua kwamba mtu mkubwa akichekwa, anacheka pamoja nanyi ili apate muda wa kuhesabu ni nani walikuwepo.

Jumatatu Meneja alimwita mama, akaniita na mimi. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa.

"Mama Ekal, unajua mimi sina shida na wewe."

"Meneja, huyu ni mtoto," mama akasema. Alikuwa amekunja leso mara nne na anaikunja ya tano. "Nyumbani tunaongea Kiturkana. Hizi Kiswahili za kusema nusu nusu zilimchanganya. Aliambiwa kausha, akakausha. Kama angejua, angefanya hivyo na anajua ni mimi nimemdhamini?"

Meneja alinigeukia. "Ekal. Ulielewa au hukuelewa?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilitazama zile kalamu tatu.

"Sikuelewa, Meneja."

Haikusaidia. Uongo wangu haukumnunulia mama hata siku moja. Alipewa mpaka saa sita kutoa vitu vyake jikoni: mwiko wake mmoja, kisu chake, na picha ya Bikira Maria iliyokuwa juu ya jiko, nyeusi kwa moshi. Mimi nilibeba kisu.

Ndivyo nilivyostaafu. Mzee akistaafu huwa na mawaidha, nami nina machache. Kazi ya siga sasa anaifanya bawabu, na nasikia zimerudi kwenye friji. Tangi la Sericho, dereva anasema, bado linangoja pampu. Wale akina mama walipata kikombe kimoja kimoja, na kesho yake walikuwa na kiu ileile. Hapa shuleni mnaniita Kausha, na mkinisimulia hadithi yangu mnaongeza vitu ambavyo sikufanya. Mimi nawaacha. Inachekesha kweli. Hata mimi nikiisimulia, nacheka mahali penye tumbaku kumwagika.

Mama anachoma chapati kando ya barabara, Wabera, chini ya mwavuli uliochanika. Moshi wa pale unamwingia machoni kwa sababu hakuna ukuta. Jioni nikitoka shule naenda kumsaidia kukanda. Juzi mteja mmoja alianza kumsimulia ile ya kausha, bila kujua anamsimulia nani, na mama akamngoja amalize, akamfungia chapati zake mbili kwenye gazeti. Mteja alipoondoka aliendelea kusukuma unga kwa muda, halafu akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama alivyoniuliza mara nyingine nyingi.

"Lakini wewe hukuelewa. Si ndiyo?"

"Sikuelewa, mama."

"Sawa," akasema. "Leta mafuta."