Kopo la baruti la marehemu

Leo nimembishia baba mkwe.

Mzee ni mwindaji, na risasi zake huzijaza baruti mwenyewe nyumbani kwake, huku Tumba, ughaibuni. Baruti anayoipenda imeadimika madukani. Asubuhi mjane wa rafiki yake akampa kopo la marehemu, lenye lebo ileile.

Mzee alifurahi sana. Akaniita nimsaidie kupima.

Nikamimina kidogo kwenye karatasi nyeupe.

Baruti yake ya siku zote ni vijiti vifupi. Hii ilikuwa bapa, kama magamba madogo.

"Baba, hii siyo."

"Soma lebo."

"Nimeisoma. Lakini kilichomo ndani siyo."

Hatukuwa tumewahi kubishana, mimi na yeye. Akainama juu ya karatasi, akazidi kuinama, ndipo nikagundua kwamba haoni vizuri.

Nikapiga picha kwa simu, nikaikuza, nikampa.

Aliitazama, kisha akaketi.

"Hii huungua haraka mno," akasema taratibu. "Ingepasua bunduki. Na Jumamosi risasi hizi nilikuwa nimpe Erik."

Erik ni mume wangu.

Kopo tumeliweka kando, limeandikwa "usitumie" kwa kalamu nene. Nilipokuwa navaa viatu, mzee akanishika mkono.

"Usimwambie Erik habari ya macho yangu. Nitamwambia mwenyewe."

Nimempa mpaka kesho jioni. (Erik hasomi Kiswahili, msiwe na wasiwasi.)

Je, nyinyi mngempa hata hiyo siku moja?