Mahindi Yangu Yaliota Mvi

Ilianza jana, siku ya ine ya juma, saa ine na dakika kumi ya asubuhi. Mwalimu wetu wa kemia alitoboa chupa mbili chini. Moja aliijaza muchanga mweusi wa volkano, ya pili muchanga uleule uliochanganywa na samadi iliyooza. Akamwaga maji yenye zinki juu ya zote mbili, akapima yaliyotoka. Kwenye muchanga mutupu, zinki ilipita tu kama mugeni mwenye haraka. Kwenye samadi, ilibaki.

"Udongo mwekundu unaishika kidogo," akasema, "lakini muchanga wetu wa Goma, bila samadi, hapana."

Wenzangu waliandika. Mimi nilisikia harufu ya shamba la koko.

Koko ni mama ya mama yangu. Alishuka kutoka milima ya Masisi, akalima Keshero, hapa Goma, juu ya mawe ya lava, kila mujukuu na duara lake la mawe. Nilikuwa na miaka minane. Binamu yangu alipata udongo mwekundu ulioletwa kwa gunia, mimi muchanga mweusi. Na siku ya mahindi ya kwanza, kila mutoto alichoma hindi lake, akagawia wengine. Asiyevuna alilishwa kwa mukono wa mwenzake, mbele ya wote. Rafiki, unanijua na haya zangu: niliogopa siku hiyo kuliko egzame ya shule.

Mahindi ya binamu yalikuwa kijani kabisa. Yangu yakatoka na mistari myeupe kwenye majani.

"Eh, yako imeota mvi!" akacheka. "Itazeeka mbele ya koko!"

Koko akagusa jani. "Hii iko na njaa. Enda omba mbolea kwa jirani mwenye ng'ombe."

"Koko, uende weye..."

"Mahindi ni ya nani?"

Nikasimama kwa mulango wa jirani, bila kupiga hodi, mpaka muzee mwenyewe akatoka.

"Mutoto, umekuja kuangalia ng'ombe, ao ng'ombe ikuangalie?"

Neno moja tu likanitoka: "Mavi."

"Mavi! Kwenu wanasalimia vile?" Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanijazia beseni ya mbolea ya zamani, iliyooza vizuri. Niliibeba kichwani, maji meusi yakinitiririka shingoni, nikicheka peke yangu.

Majani mapya yakatoka kijani. Nikavuna hindi moja, punje zimepishana kama meno ya mutoto. Nikalichoma, nikamulisha binamu kwanza. Koko akapiga vigelegele kana kwamba ninaolewa.

Hakuwahi kutaja zinki, ile ambayo ikikosekana mahindi yanaota mistari myeupe. Alisema tu: "Muchanga hauna tumbo. Mbolea ndiyo tumbo yake."

Koko hayuko tena. Juu ya maduara yetu kumejengwa nyumba ya mbao, na hakuna anayepigia hindi moja vigelegele.

Leo asubuhi, mbele ya masomo, nilikata bidoni ya plastiki, nikachanganya muchanga na mavi ya sungura wetu, nikapanda mbegu tatu za mahindi karibu na mulango. Mama akatoka ameziba pua.

"Nani ameleta harufu hii?"

"Ni mimi," nikasema, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia.